Kijana kaleta gari la kutu nyumbani, vumbi lake likaingia hadi chumbani

Gari lilifika Jumapili jioni likiwa juu ya Canter, vijana wanne wakahenya kulishusha uani. Hakuna tairi lililokuwa na upepo. Upande wa dereva sakafu ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba ukichungulia ndani unaona nyasi. Mama mwenye nyumba, mkazi wa Tanga mjini, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalizunguka gari mara moja, kisha akamgeukia mwanawe.

"Hiki ndicho ulichonunulia hela ya bodaboda?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwanangu, umenunua kutu."

Kijana ana miaka 22. Amemaliza mafunzo ya ufundi magari, ajira hajapata, na kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu huku akiweka akiba kidogokidogo. Akiba yote ilikwenda kwa familia moja ya Raskazone, ambako gari la marehemu baba yao lilikuwa limekaa chini ya mwembe zaidi ya miaka 20, kuku wakitagia kwenye viti.

Aliyefurahi ni babu peke yake. Alitoka na mkongojo wake, akapapasa lile boneti refu la rangi ya chungwa, akasema, "Hii ni Datsun Z. Magari kama haya yalipita Korogwe nikiwa kijana, enzi za Safari Rally. Tulikuwa tunayangoja barabarani tangu alfajiri."

Babu hakuwa anatunga. Datsun 240Z ilitoka Japani mwishoni mwa mwaka 1969, gari la viti viwili tu, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na kabureta mbili ubavuni. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mashindano ya East African Safari, ambayo enzi hizo hayakuwa ya Kenya peke yake. Magari yalifika Uganda na Tanzania pia. Mwaka 1973 ikashinda tena, safari hii dereva akiwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mehta alilingana alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine, ikabidi iangaliwe nani kati yao alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama. Kwa hiyo kile kilichoshushwa uani kina heshima yake, hata kama mama aliona chuma chakavu.

Lakini kutu nayo ilikuwa ya kweli. Chuma kikikutana na maji na hewa kinaanza kuliwa, na pakiwa na chumvi kinaliwa haraka zaidi, ndiyo maana gari lililokaa Tanga au Mtwara huchakaa kuliko lililokaa Dodoma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo rangi hufura kama lengelenge kabla ya kubanduka. Ukiliona lengelenge, jua chini yake kumeshaharibika zamani.

Na gari kama hili halina chesisi inayojitegemea kama ya lori. Sakafu, ubavu wa chini ya milango na zile mbavu mbili zinazopita chini ndivyo vinavyobeba uzito wote. Fundi anayejaza puti kwenye matundu hayo na kupaka rangi juu amelipamba gari. Likigongwa, litajikunja kama boksi.

Mama aliruhusu gari libaki. Sababu hakumwambia mwanawe, alimwambia dada yake kwenye simu: tangu lile gari lije, kijana anashinda uani. Vijiweni haendi. Saa mbili usiku yuko nyumbani, kucha nyeusi, anakula na kulala. Mume wake ni dereva wa lori, wiki mbili hayupo, wiki moja yupo. Mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka 22 asiye na ajira, anayejua kila jioni mwanawe alipo, hilo si jambo dogo.

Wasiwasi wake ulikuwa ule wa mama yeyote: pepopunda. Kila alipoona damu kwenye kidole aliuliza, "Hiyo si kutu imekukata?"

Hapo wazazi wengi wanashika nusu ya ukweli. Kutu yenyewe haileti pepopunda. Vimelea vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, vikijifunga katika hali inayowawezesha kuishi miaka mingi, na hupenda kidonda chembamba kilichozama ndani, kisichopata hewa. Chuma kilicholala chini ya mwembe pamoja na kuku kina kila sababu ya kuwa navyo, na mwiba wa kitanda cha kamba uliolala hapohapo unavyo vilevile. Kinga ni chanjo. Mtoto huipata akiwa mchanga, ndani ya chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri nyongeza tatu: mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Wasichana wakipata ujauzito hukumbushwa kliniki. Mvulana hana kliniki ya kumkumbusha. Anaweza kufika miaka 22 akiwa na zile za utotoni tu. Kijana wetu wa Tanga alikuwa hivyo, na mama alimpeleka kuchomwa sindano wiki ileile. Hilo alilifanya sawasawa.

Kilichokuja kuisumbua nyumba hiyo kilipitia mlango mwingine.

Vumbi la rangi ya chungwa

Kijana alianza kazi kwa bidii ya mtu aliyeisubiri. Aliazima grenda, akaifunga brashi ya waya, akaanza kubandua rangi kuanzia boneti kwenda nyuma. Tabaka la juu lilikuwa la chungwa, chini yake praima nyekundu, halafu chuma. Vumbi lilitua kwenye majani ya mwembe mchanga wa pale uani, kwenye kamba ya kuanikia nguo, kwenye ndoo za maji. Jioni alikung'uta shati mlangoni, akaingia ndani, na mdogo wake wa kike wa miaka mitatu akamrukia mapajani kama kawaida yake. Mtoto huyo alizoea kucheza kando ya gari mchana, akichota "unga" chini na kupika kwenye kopo.

Nguo za kazi zilifuliwa kwenye beseni moja na nguo za mtoto.

Mwezi wa tatu mtoto akaanza kukataa chakula. Tumbo linamuuma, choo kigumu siku tatu nne, analia kwa jambo dogo. Mama akampa dawa ya minyoo. Haikusaidia. Kituo cha afya wakapima malaria, hakuna. Choo, hakuna kitu. Damu iko chini kidogo, akapewa dawa ya kuongeza damu na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili.

Aliporudi alimkuta daktari mwingine, na huyu badala ya kuanza na vipimo alianza na maswali. Maji mnachota wapi? Mnapikia sufuria gani? Nani mwingine anaishi nyumbani, na anafanya kazi gani?

"Baba yake dereva. Mimi nauza vitenge. Kaka yake yupo tu, anatengeneza gari lake uani."

"Anatengenezaje?"

"Anakwangua rangi."

Daktari akaweka kalamu chini.

Rangi nyingi za zamani, hasa za manjano, chungwa na nyekundu, zilipata ung'avu wake kutokana na madini ya risasi. Praima nyekundu za kuzuia kutu nazo zilikuwa nayo mara nyingi. Kwenye magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970, hata maungio ya bodi yalisawazishwa kwa risasi iliyoyeyushwa kabla puti haijawa maarufu. Rangi hiyo ikiwa imetulia ukutani au kwenye bati la gari haimdhuru mtu. Ikisagwa na grenda inakuwa vumbi laini lisiloonekana vizuri, linalovutwa na kumezwa.

Anayesaga anapata sehemu yake. Mtoto anapata zaidi. Mkono wake uko mdomoni muda wote, na kwa mujibu wa WHO tumbo la mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya tumbo la mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Mwili unaidhania ni kalisiamu na kuihifadhi kwenye mifupa. Katika ubongo unaokua, inaharibu uwezo wa kujifunza, kutulia na kukumbuka, na madhara hayo yanaweza kubaki maisha yote. WHO inasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Afrika Mashariki haihitaji kusimuliwa habari hizi kutoka mbali. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walifika mahakamani baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kuachia risasi kwenye makazi yao, na watoto wakakutwa nayo kwenye damu. Betri ya gari ndiyo chanzo kinachojulikana zaidi, na mzazi mwenye mtoto anayetengeneza magari asimruhusu kuipasua nyumbani kwa sababu yoyote. Lakini rangi inasahaulika, kwa kuwa haina harufu wala haiunguzi.

Dalili nazo ni za kila siku: tumbo, choo kigumu, hamu ya kula kupotea, hasira, uchovu. Watoto wengi hawaonyeshi chochote. Kipimo cha damu pekee ndicho kinachosema, na si kila hospitali inacho. Sampuli ya mtoto huyu ilisafirishwa Dar es Salaam, na majibu yalichukua siku 12 ambazo mama anasema hakulala.

Yalirudi: mikrogramu 11 kwa desilita moja ya damu.

Kwa mwongozo wa WHO wa mwaka 2021, kuanzia mikrogramu 5 chanzo lazima kitafutwe na kuondolewa. Dawa maalumu ya kuitoa risasi mwilini hupendekezwa kwa mtoto anayefikia 45. Aliye katikati hapo tiba yake ni kumtenga na vumbi, kumlisha vizuri na kumpima tena. Mtoto mwenye madini ya chuma na kalisiamu ya kutosha hunyonya risasi kidogo zaidi, kwa hiyo dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa vilikuwa sehemu ya agizo la daktari.

Usiku huo mama alitafuta namba ya mnunuzi wa chuma chakavu.

Kikao cha uani

Kijana hakubisha. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, kichwa chini, mdogo wake akijaribu kumpanda mgongoni, naye kwa mara ya kwanza akamwondoa mikononi mwake na kumpeleka kwa mama.

"Liuze tu, Mama. Mimi sikujua."

Babu ndiye aliyesema subirini. "Gari halikuja na miguu. Aliyelileta analiweza kulitoa. Lakini mkiliuza leo, huyu kesho mtamtafuta wapi?"

Mama alinyamaza muda mrefu. Baba alipigiwa simu, yuko Tunduma, akasema mambo ya gari yasubiri, kwanza nyumba isafishwe. Hilo lilikuwa jibu la busara kuliko yote.

Kusafisha vumbi la risasi kuna namna yake. Fagio kavu linalirusha tena hewani. Familia ilimwagilia uani kwanza, ikakwangua tabaka la juu la udongo pale gari lilipokuwa, ikalifunga kwenye mifuko ya saruji na kuipeleka mbali na bustani ya mchicha. Ndani walipiga deki kwa kitambaa kibichi na sabuni, sakafu, madirisha, miguu ya kitanda, wakimwaga maji chooni. Zulia la chumba cha mtoto lilitupwa. Mchicha wa pale uani haukuliwa tena.

Gari lilihamishiwa kwenye kiwanja cha rafiki wa babu, chenye ukuta na kisicho na mtoto. Kijana akapewa masharti, na mengi aliyaandika mwenyewe baada ya kumsikiliza daktari.

Rangi haikwanguliwi tena kwa grenda. Inalainishwa kwa dawa ya kubandulia, halafu inasuguliwa kwa msasa wa maji, ili uchafu uwe tope badala ya vumbi. Ovaroli inabaki kiwanjani, inafuliwa kwenye ndoo yake. Ananawa mikono na uso kabla ya kula chochote, anaoga kabla ya kuingia nyumbani, na viatu vya kazi havivuki kizingiti. Barakoa ni ile ya kuzuia vumbi laini inayobana uso pande zote. Zile za bluu za hospitalini, ambazo nyumba nyingi bado zinazo droo nzima tangu wakati wa korona, hazizuii vumbi hili, na kitambaa cha kufunga puani ndiyo kabisa.

Mafundi wengi huamini kwamba ukinywa maziwa baada ya kuchomelea au kupiga rangi, kifua kinasafishika. Maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu.

Na si risasi tu iliyojificha kwenye gari la umri huo. Breki na klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, kwa kuwa inavumilia moto. Fundi wa mtaani akifungua tairi hupuliza vumbi jeusi kwa kompresa, au kwa mdomo. Nyuzi za asbesto zikishaingia mapafuni hazitoki, na saratani inayotokana nazo inaweza kuonekana baada ya miaka 20, 30, hata 40. Kijana wa miaka 22 hawezi kuiogopa saratani ya uzeeni, hilo mzazi alikubali tu. Lakini anaweza kukubali kulowesha breki kwa maji na sabuni kabla ya kuzigusa, kufuta kwa kitambaa na kukitupa kikiwa kibichi kwenye mfuko uliofungwa. Inachukua dakika tano.

Jicho nalo lina habari yake. Chembe ya chuma kutoka kwenye grenda ikinasa kwenye kioo cha jicho huanza kushika kutu humohumo ndani, na ndani ya siku moja huacha pete ya kutu ambayo daktari wa macho anahitaji kifaa maalumu kuiondoa. Watu huilamba kwa ulimi, huitoa kwa njiti ya kiberiti au kudondoshea maziwa ya mama anayenyonyesha. Hivyo vyote vinaongeza bakteria kwenye kidonda. Miwani ya kufunika pembeni inauzwa bei ya chini kuliko nauli ya kwenda hospitali ya mkoa, na bado ndicho kitu cha kwanza mafundi wetu wanachokivua kwa sababu ya jasho. Kuchomelea ni hatari kwa wanaotazama pia. Mwanga wake unaunguza jicho bila maumivu, halafu usiku wa manane mtoto anaamka akilia kwamba macho yamejaa mchanga.

Kisha kuna jeki. Hapa babu ndiye aliyekuwa mkali, kwa sababu mwaka fulani alimzika rafiki. Jeki ni ya kunyanyulia, siyo ya kushikilia. Mtu haingii chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake hata kwa kuokota spana. Tofali la saruji ndilo baya zaidi: linaonekana imara, na linapasuka ghafla bila kutoa mlio wa onyo. Kijana alilazwa siku nzima bila kufanya kazi hadi aliponunua stendi nne za chuma, na babu alikwenda mwenyewe kulisukuma gari kwa bega kuona kama linatikisika.

Petroli iliyokaa miaka 20 kwenye tangi imegeuka kitu kama gundi, lazima itolewe. Njia ya wengi ni mpira na mdomo. Anayevuta petroli kwa mdomo akipaliwa, kiasi kidogo tu kikishuka kwenye mapafu kinatosha kuleta nimonia ya kemikali. Ikitokea, asitapishwe, kwa sababu akitapika inapita tena kwenye koo na kuingia mapafuni mara ya pili. Asilazimishwe kunywa maziwa. Akikohoa, akipumua haraka au akisinzia, ni hospitali moja kwa moja. Pampu ya mkono ya kuvutia mafuta ipo madukani na si ghali.

Petroli iliyotolewa, thina na oili chafu visikae kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Kila daktari wa watoto nchini ana kisa cha mtoto aliyedhani ni juisi.

Na tangi tupu lisichomelewe. Linaonekana halina kitu, kumbe limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Lile la Datsun lilipelekwa kwa fundi wa matangi anayeyaosha na kuyajaza maji kabla ya kuweka moto.

Sehemu moja kijana ameambiwa asiiguse kabisa: rangi ya mwisho. Rangi ya 2K, ile inayochanganywa na kigumishi na kung'aa kama kioo, ina kemikali zinazoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na barakoa za madukani hazimtoshi anayeipuliza. Inataka chumba chake na mtambo wa kumletea mpulizaji hewa safi kwa bomba. Hiyo atalipa gereji yenye vifaa, akipata hela. Kwa sasa gari limevaa praima ya kijivu, na anasema halina haraka.

Mwezi wa nne baada ya kuhama

Mtoto alipimwa tena miezi mitatu baadaye. Mikrogramu 7. Risasi ya kwenye damu hushuka ndani ya wiki kadhaa vumbi likiondoka, ila iliyokwisha kuingia mifupani hutoka polepole sana, ndiyo maana haikuanguka hadi sifuri na daktari hakutarajia hivyo. Anakula. Choo kimerudi kawaida. Kama kuna kilichoguswa kwenye ubongo wake, kitaonekana shuleni au hakitaonekana, na mama ameamua kuliacha hapo. Atapimwa mara nyingine mwezi wa saba.

Kijana alipimwa pia. Yake ilikuwa 19, juu ya mdogo wake, ingawa hakuwa na dalili hata moja. Aliona aibu kuisema, akaisema kwa baba kwanza.

Kazi inaendelea kiwanjani kila Jumamosi na Jumapili, siku nyingine amerudi kwenye bodaboda. Sakafu upande wa dereva imekatwa yote na kuwekwa bati jipya, akisimamiwa na fundi mzee wa kuchomelea ambaye hakutaka malipo, alitaka tu aruhusiwe kukaa ndani siku likiwaka. Mbavu za chini zimebadilishwa. Pale betri inapokaa, sehemu ambayo magari haya huoza sana kwa sababu ya tindikali, palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Sasa pana chuma kizima. Injini iliwaka mwezi uliopita kwa sekunde chache, silinda tano kati ya sita, kwa moshi mwingi. Milango ya ukuta ilikuwa wazi, maana injini ikiwaka ndani ya banda lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Mama alifika siku hiyo kwa mara ya kwanza. Alisimama mbali, kanga puani. Mtoto alibaki kwa jirani.

"Linaunguruma kama lori la baba yako," alisema.

"Bado silinda moja, Mama."

Babu alikuwa ameshajipenyeza kwenye kiti cha abiria, mkongojo katikati ya magoti, akitazama mbele kupitia mahali ambapo kioo hakijawekwa.

"Haya, lini tunakwenda Korogwe?"

"Babu, breki bado."

"Basi tengeneza breki," mzee akasema, na hakushuka.